Sheria ilizuia bunduki, njaa je?

Wiki iliyopita niliahidi kwamba nitaweka kando kidogo habari za bei na bajeti. Leo natimiza ahadi. Nataka tufunge safari, mimi nawe, hadi pwani ya mashariki ya Uingereza, kwenye majabali ya Bempton huko Yorkshire, tukaangalie ndege na maua. Najua wapo watakaoguna. Hata shemeji yangu, dada yake mke wangu, ambaye ni muuguzi katika mji wa Hull na ndiye aliyenipokea mwezi Mei mwaka 2024, aliguna. "Shemeji," aliniambia, "umetoka Dar es Salaam, mji wenye kunguru kuliko watu, unakuja huku kulipa kiingilio uangalie ndege?"

Sikuwa na jibu la maana. Nilikuwa na Jumamosi moja ya mapumziko, nilikuwa na viatu vizuri, na nilikuwa nimepata kusikia habari za sheria moja ya mwaka 1869 ambayo chanzo chake kilikuwa majabali hayo hayo. Sisi watu wa redio tukinusa habari hatulali.

Basi nikapanda treni ya asubuhi. Reli ya kutoka Hull hupita Bridlington, mji wa ufukweni, halafu husimama kwenye stesheni ndogo ya kijiji cha Bempton. Kutoka hapo ni kutembea kwa miguu, kupita kijijini na kati ya mashamba, huku ndege aina ya kipozamataza wakiimba juu kabisa angani usiweze kuwaona. Ajabu ya pale ni kwamba kabla hujaiona bahari unawasikia ndege wake, na ukisogea kidogo unawanusa. Harufu ile haina tofauti kubwa na ya soko la samaki la Feri saa sita za mchana. Mara nyasi zinakwisha, unashika uzio wa mbao, unachungulia chini, na tumbo linapanda kifuani.

Mbele yako ni ukuta mweupe wa chokaa, mweupe kama chaki ya mwalimu, ulioshuka wima hadi baharini. Urefu wake unafika kiasi cha mita 100, sawasawa na jengo la ghorofa thelathini. Na kila mahali ambapo mwamba umeacha kijukwaa cha upana wa kiganja, pamekaliwa. Inakadiriwa kwamba kati ya Machi na Oktoba ndege wapatao nusu milioni hukusanyika kwenye majabali hayo. Niliwahi kuishi nyumba ya vyumba sita yenye familia sita Magomeni, nikadhani najua maana ya kubanana. Sikujua.

Hapa yafaa nieleze jambo moja kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta. Kwetu majira hutofautishwa na mvua: masika, vuli, kiangazi. Kule majira hutofautishwa na mwanga. Mwishoni mwa Mei, ambayo ndiyo tamati ya majira yao ya kuchipua, jua huchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na halizami mpaka saa tatu usiku imepita. Mwanga huo mwingi ukiipiga bahari iliyokuwa gizani miezi kadhaa, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho hustawi kwa ghafula. Vijidudu vidogo vya baharini hula vijimea hivyo, samaki wadogo hula vijidudu, na ndege hula samaki wadogo. Karamu hiyo hudumu wiki chache tu. Ndiyo maana ndege ambao miezi ya baridi walikuwa wametawanyika kwenye bahari kuu, wengine hadi katikati ya Atlantiki, hurudi wote kwa wakati mmoja kuzaa. Makinda lazima yapatikane wakati chakula kipo. Ukichelewa umekosa.

Bibi mmoja aliyekuwa akijitolea kuwaelekeza wageni alinipa darubini na kunionyesha nani anakaa wapi. Wanaojipanga kwa mamia, weusi mgongoni na weupe kifuani kama mawakili wanaosubiri jaji, ni gilimoti. Hawa hawajengi kiota kabisa. Jike hutaga yai moja tu juu ya mwamba mtupu, yai kubwa lenye umbo la peasi, na rangi zake hutofautiana mno: la bluu, la kijani, jeupe, lenye michirizi, lenye madoa. Jike mmoja hutaga yai la rangi ile ile mwaka hadi mwaka, na hulitaga pale pale. Kinda likifika kama wiki tatu, likiwa halijaweza kuruka, baba hushuka baharini na kuliita kutoka chini. Nalo hujitupa kutoka juu ya jabali. Akina baba mnaonisikiliza, kuanzia hapo malezi ni ya baba peke yake.

Pafini, yule mwenye mdomo wa rangi nyingi anayependwa na wapiga picha, kwa Bempton hujificha kwenye nyufa za mwamba, na nilisubiri sana kumwona mmoja. Ganeti, ndege mkubwa mweupe ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita mbili, hana haja ya kusubiriwa. Huinuka juu ya bahari, akamwona samaki, akakunja mabawa na kujichoma majini kama mkuki, kwa mwendo unaokaribia kilomita 100 kwa saa. Mwaka 1969 jozi zake pale hazikuwa zaidi ya dazeni chache. Mwaka 2017 zilihesabiwa zaidi ya 13,000.

Lakini aliyeniweka pale uziovu muda mrefu ni ndege mdogo zaidi, ambaye hana makeke yoyote. Ni shakwe mwenye mgongo wa kijivu na ncha nyeusi za mabawa, kama zilizochovywa kwenye wino. Anaitwa kitiweki, na jina hilo kajipa mwenyewe, kwa maana ndilo analolilia kutwa: kiti-weeki, kiti-weeki. Yeye hubandika kiota cha tope na nyasi kwenye ukuta mahali ambapo usingethubutu kubandika tangazo. Koloni hilo la kitiweki, linaloanzia Bempton na kufuata pwani ya Flamborough, ndilo kubwa kuliko yote katika Uingereza bara. Habari yangu ya leo ni ya huyu.

Tuanze na zamani. Wanakijiji wa Bempton na Flamborough waliishi na ndege hawa vizazi vingi, na hawakuwaonea haya. Walikuwapo wanaume wa kazi maalumu, wenyewe wakiwaita climmers, waliofungwa kamba na kushushwa jabalini na wenzao watatu au zaidi, begani wana mifuko, kichwani kofia iliyojazwa kitu laini kuzuia mawe yanayoanguka. Walikusanya mayai. Mengine yaliliwa, mengine yalikwenda kwenye viwanda vya ngozi ambako ute wake ulitumika kuing'arisha ngozi, na mazuri zaidi yalinunuliwa na matajiri waliopenda kukusanya mayai kama wengine wanavyokusanya stempu. Gilimoti akiibiwa yai hutaga jingine baada ya wiki mbili hivi, kwa hiyo ndege waliendelea kuwapo. Ilikuwa kazi ya hatari na ya jasho, na kwa maoni yangu isingewamaliza.

Kilichokaribia kuwamaliza kilikuja kwa treni. Reli ilifika Bridlington mwaka 1846, ikawaleta watu wa miji ya viwanda kupumzika ufukweni. Baadhi yao walikuja na bunduki. Walikodi mashua, wakapelekwa chini ya majabali wakati ndege wanaatamia, wakawafyatulia risasi kwa furaha tu, hawana hata haja ya kuwaokota. Makinda yalibaki juu yakilia mpaka yakafa njaa. Halafu ikaja mitindo ya mavazi: mabibi wa mijini walitaka kofia zilizopambwa kwa mabawa, na mabawa ya kitiweki yakawa na soko. Nakiri kwamba nilipokumbuka hayo niliiona safari yangu ya asubuhi kwa jicho jingine. Nilikuja kwa njia ile ile, tofauti ni darubini.

Waliopiga kelele hawakuwa watu wa jamii moja. Alikuwapo kasisi wa Bridlington, Henry Barnes-Lawrence, aliyewakusanya wenyeji. Alikuwapo profesa wa Cambridge, Alfred Newton, aliyelizungumza suala hilo mbele ya mkutano wa wanasayansi mwaka 1868. Lakini zilizokuwa na uzito ni hoja za tumbo. Wavuvi walisema ndege wakijikusanya baharini huonyesha samaki walipo. Mabaharia walisema kwamba ukungu ukitanda, kelele za ndege huwaambia kwamba jabali liko karibu, geuza chombo. Wakulima nao walisema shakwe huwalia wadudu shambani. Mbunge wa eneo hilo, Christopher Sykes, akapeleka mswada, na mwaka 1869 ikapita sheria ya kuwahifadhi ndege wa baharini, ya kwanza nchini humo kulinda ndege wa porini wasiokuwa wa mawindo ya mabwana wakubwa. Ilikataza kuwaua kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 1 Agosti, na faini haikuzidi pauni moja kwa kila ndege.

Sheria hiyo haikuwa ya malaika. Mayai haikuyagusa, na wakusanyaji waliendelea kushuka na kamba zao hadi sheria nyingine ilipowazuia mwaka 1954. Wakazi wa kisiwa cha mbali cha St Kilda walisamehewa, kwa sababu ndege ndio waliokuwa chakula chao. Mimi msamaha huo naupenda. Uliandikwa na watu waliojua tofauti ya anayeua ili ale na anayeua ili acheke. Bunduki zilinyamaza taratibu, ndege wakarudi.

Niliondoka pale uzioni nikafuata njia ya juu ya majabali kuelekea kusini, hadi kwenye mnara wa taa wa Flamborough, uliojengwa mwaka 1806. Ni mwendo wa saa tatu hivi kwa mtu asiye na haraka. Ukingo wa jabali haulimiki, kwa hiyo maua yamebakiziwa hapo mahali pao. Lililotawala siku ile lilikuwa ua la waridi iliyokolea, linaloitwa red campion, ambalo hustawi kwenye udongo wenye mbolea nyingi. Na mbolea hapo, kama nilivyosema kuhusu harufu, haina upungufu. Chini yake niliona mmea wa majani manene na vijiua vyeupe vidogo, ambao ungeupita bila kuuangalia. Una vitamini C, na zamani mabaharia waliorudi na kiseyeye, fizi zinatoka damu, waliula kama dawa. Karibu na mnara, vichaka vya miba vinavyoitwa gorse vilikuwa vimejaa maua ya njano, nami nikasimama ghafla, maana nilisikia harufu ya nazi. Si mfano wa nazi, ni nazi yenyewe, kama jikoni siku ya wali. Nilitazama huku na huku kama kuna mtu anapika. Ni yale maua.

Hapo pia mbayuwayu walikuwa wakipita chini chini, karibu wagonge magoti yangu. Mbayuwayu wa Uingereza hukimbilia Afrika Kusini wakati wa baridi, safari ya takriban kilomita 10,000 kwa ndege ambaye uzito wake haufiki gramu 25. Mwaka 1911 mwanasheria mmoja wa Staffordshire, John Masefield (siye yule mshairi), alimvisha mbayuwayu pete mguuni yenye namba na anwani ya London. Desemba 1912 mbayuwayu huyo alikamatwa kwenye nyumba ya shambani huko Natal, na mwenye shamba akaandika barua. Kabla ya barua ile hakuna aliyekuwa na uthibitisho wa wanakokwenda.

Sasa turudi kwa kitiweki, kwa sababu bibi yule mwenye darubini alikuwa ameniambia neno lililonifuata njia nzima. Alisema kuna miaka ambayo viota hujaa vizuri mwezi Juni, halafu Julai vikawa vitupu. Hakuna bunduki, hakuna mwizi wa mayai. Ni njaa.

Mambo yalivyo ni haya. Chakula kikuu cha ndege hawa wakati wa kulea ni samaki mdogo, mwembamba kama penseli, anayefanana kidogo na mkunga, mwenye mafuta mengi. Miezi mingi ya baridi hujizika mchangani chini ya bahari. Ikifika Aprili hutoka kula, na huo ndio wakati wa makinda. Gilimoti akimkosa juu humfuata chini, hupiga mbizi hata kupita mita 100. Ganeti ana nguvu za kwenda mbali na kukamata samaki wakubwa. Kitiweki hana mbizi. Huokota kilicho juu ya maji, pengine nusu mita au mita moja, basi. Samaki wakipungua, au wakishuka kina, yeye ndiye wa kwanza kulala njaa.

Na samaki wamepungua kwa sababu mbili ambazo hazizuiliki kwa faini ya pauni moja. Ya kwanza ni joto: Bahari ya Kaskazini imepata joto, na aina ya vijidudu wenye mafuta ambao samaki hao huwategemea imekuwa ikihamia kaskazini zaidi. Ya pili ni nyavu. Kwa miaka mingi meli, hasa za Denmark, zilivua samaki hao kwa wingi sana, wakiwamo wa Dogger Bank, mbele ya pwani hiyo hiyo ya Yorkshire. Hawakuvuliwa kwa ajili ya sahani ya mtu. Walisagwa unga na kukamuliwa mafuta, vikawa chakula cha samaki wa kufugwa na mifugo mingine. Tusiwacheke. Dagaa wetu wa Ziwa Victoria nao, sehemu kubwa huishia kwenye chakula cha kuku.

Idadi ya kitiweki duniani imeshuka kwa kiasi cha asilimia 40 tangu miaka ya 1970, na mwaka 2017 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio katika hatari ya kutoweka. Tarehe 26 Machi 2024, miezi miwili kabla sijafika, Uingereza ilipiga marufuku uvuvi wa samaki hao katika maji ya England ya Bahari ya Kaskazini, na Scotland ikafanya hivyo katika maji yake yote. Umoja wa Ulaya ulilalamika kwamba wavuvi wake wanaonewa. Mwaka 2025 baraza la usuluhishi lilitoa uamuzi: upande wa England, serikali haikupima ipasavyo hasara ya wavuvi dhidi ya faida, lakini haikulazimishwa kuifuta marufuku. Mvuvi wa Denmark ana mkopo wa meli na watoto shuleni, na sidhani kwamba madai yake ni ya kupuuza. Ila mwaka 1869 wavuvi na ndege walikuwa upande mmoja wa hoja, na safari hii wamewekwa pande mbili. Hilo ndilo linalofanya kazi iwe ngumu kuliko ya Sykes. Ongeza mitambo ya upepo inayojengwa huko huko baharini ili kupunguza hilo hilo joto, nayo kitiweki huruka katikati yake. Ongeza mafua ya ndege, ambayo mwaka 2022 yaliua maelfu ya ganeti kwenye makoloni ya Uingereza, na baadhi ya waliopona macho yao ya bluu hafifu yakageuka meusi.

Nilirudi Hull jioni, jua bado linawaka kama saa kumi ya kwetu. Shemeji alikuwa amepika. Mezani palikuwa na wali, mchicha wa kopo na kipande kinene cha samaki wa rangi ya chungwa, samoni, aliyemnunua dukani. Niliiokota karatasi yake kwenye pipa nikasoma: wa kufugwa. Nikamweleza shemeji yote, kitiweki, unga wa samaki, Denmark, nyavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea sahani.

"Sasa hutakula?"

Nilikula. Alikuwa mtamu.

"Na kunguru," akauliza, "hukuwaona huko?"

Nikamwambia nimewaona. Wapo wadogo, shingo ya kijivu kama hawa wetu wa Dar, wanakaa kwenye nyufa za jabali, na wakipata nafasi wanaiba mayai ya wenzao.

"Nilijua tu," akasema.